Niliandika Bomba Ambalo Halipo Ukutani

Shangazi mpendwa, mshauri wetu wa kila Jumapili, naomba msaada wako na naomba pia usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu nikianza na kosa langu utaniona mtu mbaya, kwa hiyo naanza na mwanangu.

Mwanangu wa kwanza na wa pekee ni binti wa miaka ishirini na saba, tulimpachika jina la Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hajanyamaza, na hapa mtaani hata mwenye duka anamwita hivyo. Alipokuwa na miaka minne surua ilimchukua macho yote mawili, na watu walikuja kunipa pole kana kwamba nimefiwa, wakakaa kwenye kochi langu wakitikisa vichwa, nami nikawaambia, subirini. Basi wamesubiri na wameona. Leo mtoto yuleyule ana kazi ya ofisini, ana meza yake, ana kiti kinachozunguka, na wenye macho wanapanga foleni kumuuliza yeye wamekosea wapi.

Kazi yake nitakueleza nilivyoielewa mimi, maana shule niliiacha njiani nikakimbilia cherehani, na cherehani haijanitupa mpaka leo. Mwanangu anakagua tovuti. Kampuni yao inawatengenezea watu kurasa za mtandao, za maduka, za shule, za zahanati, na kabla ukurasa haujafunguliwa kwa umma lazima upite kwa Chiriku. Hagusi kipanya, hatazami kioo, anavaa visikilizio vyake na kompyuta inamsomea kila kilichoandikwa, kwa kasi ambayo mimi nasikia cherehani iliyokanyagwa bila uzi na yeye anasikia maneno. Akifika kwenye kitufe kisicho na jina mashine inasema "kitufe", inasema tena "kitufe", "kitufe", haisemi cha nini, na hapo ndipo anapoinuka na kuwaendea mafundi: "Jamani, mmenijengea nyumba ya milango ishirini na hakuna hata mmoja ulioandikwa choo!" Wanacheka, lakini wanarekebisha. Siku moja ukurasa fulani ulimtaka athibitishe kwamba ni binadamu, achague picha zenye pikipiki. Shangazi, mimi niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili, mashine inamuuliza mwanangu kama ni mtu! Nilitaka niijibu mimi mwenyewe.

Wala hawapiganii wasioona peke yao. Video anataka ziwe na maandishi chini kwa ajili ya wasiosikia, herufi zikubali kukuzwa, fomu isimfungie nje mtu mwenye mikono mizito kabla hajamaliza kuandika jina lake, na maandishi yasiwe ya rangi ya majivu juu ya nyeupe, jambo ambalo hata mimi mwenye macho mawili namshukuru, maana siku hizi mimi na tundu la sindano tunaviziana. Nikisema mwanangu ana akili watu wananiambia mama punguza. Nipunguze nini, wakati nimeshapunguza?

Sasa kosa.

Kituo cha afya cha huku kwetu kiliwapa kazi ya kutengeneza tovuti, ambayo mtu ataingia achukue miadi ya kumwona daktari bila kwenda kupanga foleni alfajiri, na ajue mapema mlango uko wapi na dirisha la dawa liko wapi. Picha zilikuwa thelathini na moja. Shangazi, huenda hujui, hata mimi sikujua: picha ya kwenye mtandao kwa mtu asiyeona ni shimo tupu, mpaka mtu akae aandike maneno nyuma yake, maneno ambayo wewe na mimi hatuyaoni lakini mashine inamsomea asiyeona. Ni kama bitana ya koti, iko ndani, anayeijua ni aliyevaa. Mafundi wa ofisini waliandika bitana za aibu, "picha", "picha nyingine", "ukuta". Chiriku akawarudishia zote. Jioni akaja nyumbani na kompyuta, akaiweka mezani kwangu kati ya mkasi na pasi, akaniambia, "Mama, kesho uniandikie wewe."

"Mimi? Mimi wa madarasa ya chini?"

"Wewe ndiye ulinionyesha dunia yote, mama. Nani atanieleza kituo cha afya kama si wewe?"

Ningekataaje?

Kesho yake alikwenda kazini nikabaki na zile picha, nikaandika kwa kidole kimoja, hiki cha kushika sindano, na nilianza vizuri, naapa. Picha ya kwanza niliandika, "Lango la chuma la kijani, limefunguliwa upande mmoja." Kweli tupu. Ya pili kweli, ya tatu kweli. Nikafika kwenye chumba cha kusubiria. Benchi limechubuka, ukuta una madoa ya unyevu, na muuguzi aliyesimama kando ana uso wa mtu aliyekanyagwa kidole. Nikajiuliza, hii ndiyo kazi ya kwanza kubwa ya mwanangu, ndiyo iwe na ukuta huu? Shangazi, sisi mafundi wa nguo tuna ugonjwa wetu. Tukiona palipoharibika hatusemi, tunafunika. Pasi ikitoboa kitambaa unashonea ua palepale, na mwenye nguo anakuja anasema, mama, ua hili ulilifikiriaje, na wewe unasema, lilinijia tu. Basi nikaupaka ule ukuta rangi ya krimu. Nikaweka vyungu viwili vya maua. Muuguzi nikamfanya atabasamu.

Halafu ikaja picha ya ukumbi mrefu unaotoka mlangoni kwenda dirisha la dawa, mrefu, mtupu, kuta laini pande zote, na mimi nikamwona mwanangu humo siku moja peke yake, hana pa kushika, na kidole kikaandika chenyewe, "Upande wa kulia kuna bomba la chuma la kushikilia, linaanzia mlangoni na kufika dirisha la dawa." Nikausoma ule mstari nikaona umependeza. Nikaenda kwenye picha inayofuata.

Shangazi, tovuti ilipofunguliwa ilikuwa sherehe! Wasioona walipiga simu ofisini kutoka kila upande. Mwalimu mmoja mstaafu, mzee ambaye macho yalimwacha uzeeni, alimwambia Chiriku, "Binti, miaka sita picha zilikuwa zinaninyamazia, leo zimenisalimia." Bosi wake akauliza ni nani aliyeandika, na mwanangu akasema mbele ya ofisi nzima, "Mama yangu mzazi." Basi wamemchagua Chiriku akazungumze kwenye mkutano mkubwa wa watengeneza tovuti, Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu, aeleze maelezo ya picha yanavyoandikwa, na mimi nikae mstari wa mbele, nikitajwa nisimame. Nimeshashona gauni. La zambarau, mikono ya marinda, ukinipita hujaniona basi na wewe hapa duniani unapita tu. Mtaa wote unajua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi maji nilishatia kabla ya kusifiwa.

Kwa sababu wiki iliyopita yule mwalimu mstaafu alikwenda kituoni. Siku zote alikuwa anapelekwa na mjukuu, safari hii akasema, nina maelezo yote, nitakwenda na fimbo yangu. Akaingia mlangoni, akanyoosha mkono wa kulia kutafuta bomba. Hakuna. Akapapasa ukuta mbele, akarudi, akapapasa tena. Akadhani ameingia jengo la watu wengine, akaomba radhi hewani na akarudi nyumbani. Miadi yake ikampita, na nyingine amepewa ya baada ya wiki mbili. Akampigia simu Chiriku, na hata hakukasirika, alikuwa anacheka: "Binti, bomba mmeling'oa, au ni mimi nimezeeka mpaka mkono wa kulia umehama?"

Mwanangu hakucheka. Alimpigia muuguzi mkuu wa kituo palepale, mimi niko kwenye cherehani nasikia kila neno, simu ameiweka sauti ya wazi.

"Nani ameng'oa bomba la kushikilia pale ukumbini?"

"Bomba gani, dada? Nina miaka tisa hapa, bomba ninalolijua ni la maji, na lenyewe linavuja."

"Msinidanganye. Mama yangu ameliona kwenye picha yenu. Mama yangu kwa jambo la macho hajawahi kunidanganya."

Shangazi, sindano ilinichoma kidole na sikusikia.

Walizozana mpaka mwanangu akakata simu, na tangu siku hiyo ana vita. Anasema wamelitoa wakauza chuma. Anasema siku ya mkutano atalitaja jambo hilo mbele ya watu wote, kwamba kuna vituo vinang'oa vitu vya watu wenye ulemavu na kisha vinakana, na shahidi wake atakuwa amekaa mstari wa mbele. Shahidi ndiye mimi. Na gauni langu la zambarau.

Nimefanya nini? Nimekwenda kwa jirani yetu fundi wa kuchomelea, nimemwagiza bomba. Niliwaza kwamba likiwekwa kabla ya Alhamisi, nitakuwa nimesema kweli, ila nimesema mapema kidogo. Nilikwenda kituoni nikajifanya nina kikohozi, nikatoa futi yangu ya kushonea nikaanza kupima ukumbi, mama mfagizi akasimama na fagio lake akanitazama, akauliza, "Mama, ukuta unaushonea sketi?" Nikakohoa nikatoka. Nilipompelekea vipimo yule fundi akaniambia bomba atatengeneza hata kesho, ila kwenda kutoboa ukuta wa kituo bila ruhusa hatakwenda, ana watoto. Baba yake Chiriku ndiye mtu pekee niliyemweleza yote. Ni kinyozi, amezoea kusikiliza siri za watu bila kusimamisha mkasi, lakini safari hii alisimama. Akasema, "Haya, bomba utaweka. Na vyungu vya maua? Na rangi ya ukuta? Na huyo muuguzi uliyeandika anatabasamu, utakwenda kumtekenya?"

Sasa nikuambie kinachoninyima raha, maana si mkutano wala si muuguzi. Ile haikuwa mara ya kwanza. Tangu akiwa na miaka minne mimi ndiye macho yake, na nimempambia mengi. Ukuta wa chumba chake niliomwambia ni wa bluu kama asubuhi ni saruji tupu. Shule yake ya kwanza niliyomwambia ina bustani ilikuwa na vumbi na matairi mawili. Gauni lake la mahafali, ambalo alilipapasa akalia kwa furaha, lilikuwa pazia letu la sebuleni, na nilimwambia ni kitambaa kipya nilichomwagizia. Nikimwambia bomba halikuwepo, ataniuliza, na kingine? Na kingine? Atayafungua yote, mshono mmoja baada ya mwingine, mpaka abaki hana dunia na mimi sina mtoto wa kuniamini.

Nimwambie kabla ya mkutano na kumharibia siku yake? Nisubiri upite? Au nimbane huyu fundi wa kuchomelea aende usiku? Nishauri kama unavyowashauri wenye ndoa zao, bila kunionea haya.

Mimi mama yake Chiriku, fundi wa nguo za wanawake na watoto, maharusi kwa miadi.

Nimesahau: mkitaka tovuti ya gazeti lenu ikaguliwe, Chiriku anafanya. Hakuna anayemfikia.

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Chiriku, nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, na nimekuhukumu hata hivyo. Lakini kwanza nikupe haki yako: umelea. Watu waliokaa kwenye kochi lako wakitikisa vichwa walidhani msiba umeingia nyumbani, wewe ukawatolea fundi wa mafundi. Jivune, dada yangu, unayo sababu. Mahali pa muuguzi wa kutekenywa nilicheka peke yangu ofisini mpaka wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Nilipofika kwa mwalimu anayepapasa ukuta niliacha kucheka, na wewe uache.

Mzee mzima alitoka kwake na fimbo, kwa mara ya kwanza bila mjukuu, kwa kuliamini neno lako. Umesema mafundi hufunika palipochanika. Sawa, kwenye gauni. Ua likishonewa juu ya tundu, aliyevaa hapati baridi. Lakini maneno nyuma ya picha si ua, mama. Ni mkono unaompa mtu aushike, na yule mzee alipoushika haukuwepo. Alipoikosa miadi yake hakulaumu tovuti wala hakukulaumu wewe. Aliulaumu uzee wake. Hilo likuume kidogo kabla hatujaendelea.

Limekuuma? Vizuri. Tuendelee.

Usisubiri mkutano upite. Unasema ukimwambia sasa utamharibia siku yake. Siku yake itaharibika akisimama mbele ya wataalamu wenzake, amtuhumu muuguzi asiye na hatia kwamba ameuza chuma, kisha muuguzi atoe picha ileile na watu mia wenye macho wauone ukuta mtupu. Wote watajua papo hapo, isipokuwa yeye. Wewe utakuwa mstari wa mbele na marinda yako. Utasimama ukitajwa?

Fundi wa kuchomelea ni mtu wa maana kuliko wewe wiki hii. Mwambie asubiri. Huwezi kwenda usiku, mchana wala alfajiri kutoboa ukuta wa umma ili uongo wako upate cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo nakiri kwamba kidole chako kiliona jambo ambalo kituo hakikuliona kwa miaka tisa: ukumbi ule unahitaji bomba. Basi nenda kwa muuguzi mkuu, bila kikohozi, umwambie wewe ndiye uliyeandika, umwombe radhi kwa maneno aliyoyapata kwenye simu, na umwambie una jirani anayejua kazi na vipimo unavyo mkononi. Aamue yeye. Akikubali, lisiwe bomba lako la kujisifia. Nakufahamu sasa.

Kwa mwalimu mstaafu utakwenda kwa miguu, si kwa simu. Na siku ya miadi yake mpya, kama atakubali, utampa mkono wako kutoka mlangoni mpaka dirisha la dawa, na njiani utamweleza ukumbi ulivyo. Madoa yakiwepo, sema madoa.

Picha zote thelathini na moja zirudiwe wiki hii, Chiriku akiwa amekaa pembeni yako. Yeye aulize, wewe ujibu. Andika kilichopo, tena kile ambacho mtu anakihitaji ili asipotee na asijikwae. Benchi halina mgongo? Mwenye kiuno kibovu anataka kulijua hilo kuliko maua yako. Kuna ngazi mbili mlangoni? Ziandike, mwenye kiti cha magurudumu ajue kabla hajatoka kwake. Muuguzi amenuna? Mwache anune, si lazima atajwe. Sentensi moja fupi inatosha, maana msikilizaji ana picha thelathini nyingine mbele yake. Na yale ya kumsifu mwanao yaandikie ukurasa wake, yasomwe na wote, wenye macho na wasio nayo, na jina lako chini. Uongo haumo humo, kwa hiyo usijibane.

Kuhusu tovuti yetu, niliposoma nyongeza yako nilimwomba mwenzangu mmoja asiyeona aifungue. Picha yangu hii mnayoiona hapo juu, mashine ilimsomea "picha sifuri sifuri arobaini na saba". Miaka kumi na mbili nawashauri watu, kumbe kwa wengine mimi ni namba. Nimeifanya iandikwe upya: "Mwanamke mnene mwenye miwani, amekunja mikono, anaonekana ana jambo la kusema." Nilitaka waandike "mrembo". Nikakukumbuka, nikanyamaza. Namba ya Chiriku tuletee, vitufe vyetu navyo vimekaa kimya.

Sasa tuje kwenye lile ulilolificha mwisho kabisa, kama watu wote wanaoniandikia wanavyofanya. Saruji, bustani, pazia.

Mama, binti yako anatambua kitufe kisicho na jina kati ya vitufe mia. Amelala miaka ishirini na mitatu pembeni ya ukuta ule, unadhani hajawahi kuupitishia kiganja? Saruji haisemi bluu. Na pazia alilokulia akijifunika na kucheza nalo sebuleni, ulipolipiga pasi na kulitia marinda liliacha kunukia nyumba yenu? Sijui anachokijua. Wewe pia hujui, kwa sababu hujawahi kumuuliza, umemsimulia tu. Labda atakuambia alilia siku ile ya gauni kwa kuwa alilitambua. Labda hajui kitu na atakukasirikia wiki nzima. Vyote viwili utavibeba, ni vyepesi kuliko unachokibeba sasa. Usiogope kwamba atabaki hana dunia. Dunia yake ameijenga mwenyewe kwa masikio na vidole na ubishi, wewe ulimtilia rangi tu, tena bila kumuuliza anataka rangi gani.

Akiuliza "na kingine?", mjibu. Kila atakachouliza, kweli yake, hata kama ni mpaka chai ipoe. Asichouliza usimrundikie siku hiyohiyo ili wewe upate nafuu.

Mkutanoni, mwache yeye aamue kama kisa hiki akiseme au akiache. Kikitoka mdomoni mwake kitakuwa somo bora kuliko lile alilopanga, maana hao watengeneza tovuti wote wana bomba lao waliloliandika bila kutazama. Akikutaja, simama, na lile gauni la zambarau uvae, usilionee aibu. Asipokutaja, kaa upige makofi kuliko wote.

Na sasa muda. Barua hii inatoka leo Jumapili kwenye karatasi. Nimezuia isiingie kwenye tovuti mpaka Jumatano asubuhi, na ikishaingia mashine itaisoma kwa yeyote mwenye visikilizio, neno kwa neno, kwa ile kasi ya cherehani. Yule mtu anayesikiliza haraka kuliko wote unaishi naye.

Kwa hiyo mwambie leo. Usianze kwa kulia, kwa sababu ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza, na hukuja kubembelezwa. Zima cherehani. Kaa karibu yake, pale anapoweza kukushika. Useme hivi, bila kipande cha lesi popote: "Bomba halikuwepo. Niliandika mimi. Muuguzi amesema kweli."

Halafu unyamaze, mama. Wewe umesema miaka ishirini na mitatu. Sasa msikilize yeye.